Sahihi ya Pili

Wewe ulimwona, usijitie kusahau. Ulisimamisha gari pale kona ya Sagewell kondoo walipokuwa wakivuka, ukateremsha kioo, ukampiga picha mbwa wake na kumpungia mkono yeye mwenyewe. Alipopita kondoo wa mwisho ukakanyaga mafuta, na vumbi halijatulia mtu yule alikuwa ameshakutoka kichwani. Basi ndiye huyo. Anaitwa Eloy Maestas, mchungaji wa hapa Wyoming, anayeishi kiangazi na kipupwe ndani ya gari la turubai la kukokotwa na farasi, lenye jiko la kuni na kitanda kimoja. Kondoo wakihama, nyumba yake nayo inahama.

Msimu huo wa kuzaa kondoo, bunduki aliyoachiwa na baba yake ilipasuka mtutu. Koyote, mbwa mwitu wadogo wa nyika za huku, wana pua za ajabu. Walijua mapema kuliko watu. Wakaanza kuja mchana kweupe, wakinyakua wanakondoo ambao hata kitovu hakijakauka. Eloy aligonga sufuria, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka, akamtuma Chata, mbwa wake, naye akarudi anachechemea. Msimamizi wa kampuni yenye kondoo akapiga simu kutoka mjini.

"Wakipungua tena naleta mchungaji mwingine. Si ubaya, Eloy. Ni biashara."

Kampuni haitoi bunduki, mchungaji hujitafutia. Ila gari la turubai ni la kampuni. Kwa hiyo kazi ikienda, nyumba imekwenda nayo.

Akateremka mjini kununua bunduki, dukani kwa Lorna Tveit, mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, aliyemuuzia risasi tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Lorna aliipokea leseni yake ya udereva, akaisoma, akaiweka juu ya kaunta taratibu.

"Hapa pana sanduku la posta, kaka."

"Ndipo barua zangu zinapofikia."

"Barua ndiyo, lakini wewe huishi ndani ya sanduku. Fomu ya serikali inataka mahali unapolala, na kitambulisho kiseme hivyo hivyo."

"Si unapajua ninapolala! Ulikuja mwenyewe kula nyama Krismasi."

"Napajua hata nikifungwa kitambaa. Lakini fomu hainiulizi mimi ninajua nini. Tukiandika uongo hapa, tutafungwa wote wawili, na Chata atakosa wa kumletea mifupa."

Eloy akacheka kidogo, kisha kicheko kikakatika.

"Nilipokuwa na miaka kumi na tisa," alisema, "yule sajini wa kuandikisha jeshi alipanda mpaka kambini kwa baba, matope yakimfika magotini, akatukuta tunakula maharage. Hakuuliza namba ya nyumba. Wakanipa bunduki, wakanipeleka kupigana jangwani. Leo nataka ya kuwafukuzia koyote, ati sina ninapoishi."

Lorna akatoka nyuma ya kaunta. Akavua miwani, akageuza kibao cha mlangoni kisomeke "Tumefunga".

"Twende kwa Pruett."

Bi Pruett, karani wa kaunti, aliwasikiliza huku akimalizia biskuti yake. Akasema njia ipo. Waje watu wawili wenye nyumba ndani ya kaunti, wale kiapo kwamba Eloy anaishi Chemchemi ya Mwerezi wakati wa baridi na Bonde la Juu wakati wa kiangazi. Ataandikiwa leseni mpya yenye mahali pale, na duka litaikubali.

"Ingawa, Bwana Maestas, nyumba yako ina magurudumu."

"Na yako ina mkopo wa benki, mama. Tuone ipi itaondoka kwanza."

Bi Pruett alicheka mpaka biskuti ikampalia. Lorna akala kiapo, akatia sahihi.

"Bado mmoja," akasema karani.

Mmoja! Katika mji ambao kila mtu hujua alipo Eloy. Mwindaji alipopotea kwenye theluji, naibu wa sherifu, polisi wa kaunti, hakutafuta namba ya nyumba. Alikwenda moja kwa moja Chemchemi ya Mwerezi kumgongea Eloy mlango, na Eloy ndiye aliyembeba yule mtu mgongoni. Aliyebebwa ni mdogo wa Dale Hutchens, mwenye mkahawa. Basi Eloy akaanzia kwa Dale.

"Kiapo?" Dale alipangusa meza iliyokwisha kupanguswa. "Ah, mzee wangu, mambo ya mahakama hayo. Nina ukaguzi wa jiko wiki hii." Akainama, akashusha sauti. "Sikiliza. Nitainunua mimi kwa jina langu, nikuletee kambini. Nani atajua?"

"Hilo ni kosa, Dale. Utafungwa."

"Nani atasema?"

"Mimi nataka useme. Useme tu ninapoishi."

Dale akaenda kuangalia kahawa ambayo hakuna aliyeiagiza. Kuvunja sheria kichinichini alikuwa tayari. Kusema kweli hadharani akakosa nafasi. Na wale waliokuwa wakila mle ndani, wote wana nyumba, wote walisikia. Kila mmoja akaona kuna kitu cha maana sana ndani ya kikombe chake.

Jioni Eloy alimpigia msimamizi, akaomba kampuni ndiyo itie sahihi ya pili. Jibu lilikuwa fupi: wanasheria wamekataa. Kampuni ikikiri kwamba gari lile ni makazi ya mtu, kesho itatakiwa kuweka maji na choo.

Hakumtukana. Alirudi kambini, akamfunga Chata bandeji mpya, akachochea jiko. Asubuhi akafunga farasi, maana tarehe ya kupanda malishoni haimsubiri mtu, na gari la turubai likapita katikati ya mji nyuma ya kondoo. Kiunoni pake palining'inia sufuria na kijiko cha chuma. Hizo ndizo silaha zake huko Bonde la Juu, na koyote wameanza kuzizoea.

Karatasi bado iko kwa Bi Pruett. Ina sahihi ya Lorna, na chini yake mstari mtupu. Mwisho wa mwezi itatupwa.

Sasa usiniambie kisa kimekusikitisha. Una nyumba, tena ndani ya kaunti hii. Ina namba mlangoni. Unajua mtu huyu anaishi wapi, kwa sababu picha ya mbwa wake unayo, na gari la turubai linaonekana nyuma yake. Ofisi inafunguliwa saa mbili asubuhi, kalamu imefungwa kwa uzi pale kaunta. Vaa viatu, nenda ukatie sahihi.