Mwendo wa Saa Moja

Mwanamke mmoja mkata tiketi za ndege alikuwa na dawa moja tu ya kumtuliza mama yake kila alipopiga simu kulalamika: kwamba kati ya uwanja wa huku na uwanja wa kule ni mwendo wa saa moja angani, akiitwa tu, chai haijapoa keshafika. Miaka sita alisema hivyo, na miaka sita hakwenda. Ya nini kukimbilia palipo karibu? Dada yake mkubwa, aliyebaki nyumbani na mama, alikuwa akicheka cheko la uchungu na kusema njia ya mwongo ni fupi.

Basi mama akashikwa na tumbo. Utumbo umejisokota, daktari akataka kumpasua asubuhi ile ile. Mama akagoma. Haingii chumba cha upasuaji mpaka amwone kitinda mimba wake. Kwani si saa moja tu? Wakambembeleza, wapi! Ubishi alizaliwa nao.

Na ndege ya moja kwa moja, jamani, ilishafutwa mwaka jana kwa kukosa abiria. Mkata tiketi alijua kuliko wote, maana wateja walimtukana yeye dirishani. Kwa mama hakutaja. Sasa ilibidi kwanza arudi nyuma mpaka mji mkuu, asubiri pale ndege nyingine, ndipo ageukie kwao: safari ya kutwa nzima. Dada alipompigia alfajiri angeweza kusema hivyo. Akaona haya, akasema anakuja sasa hivi.

Adhuhuri ilimkuta kwenye viti vya chuma vya uwanja wa mji mkuu, mkoba magotini, simu ikaita tena. Dada alinong'ona kwamba daktari amesema wakizidi kuchelewa basi tena, na mama bado anamuulizia. Akampa mama simu.

"Umefika wapi, mwanangu?"

Akisema kweli, mama atasubiri mpaka jioni. Machozi yalikuwa yakimtiririka mbele za watu.

"Nimeshatua, mama. Niko getini hapa hospitali, wananikagua. Tangulia tu, utanikuta ukitoka."

"Nilijua," mama akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha.

Alipofika kweli, jua lilikuwa limezama. Dada alikuwa kwenye benchi la korido, nguo za mama zimekunjwa mapajani. Hakumlaumu, bora angemlaumu. Alisema tu kwamba mama hakutoka mzima, walikuwa wamechelewa mno. Kisha akaeleza jinsi mama alivyosukumwa kwenye kitanda cha magurudumu, na jinsi alivyomshika nesi mkono walipofika mlangoni.

"Aliwaomba wasimame kidogo. Alisema, mwanangu yuko getini, acheni aingie."

"Wakasimama?"

"Wakasimama," dada akasema. "Tulikusubiri sana."