Ndege ya Kubeba Udongo

Kitendawili. Nina kuku wangu, hatagi, hadonoi, wala halali bandani. Asubuhi hana kitu, jioni anarudi tumbo limejaa. Ni nani huyo? Fikirini kwanza. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Geita msinipe, Geita ina leseni ya watu. Nipeni hata Mhunze na vumbi lake, nikae nile, nikishiba niwategulie.

Mama mmoja aitwaye Limi alikuwa amekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba yake, pembezoni mwa Rwamgasa, anakata bawa la ndege kwa kikata kucha. Ilikuwa ndege ya plastiki, rangi ya majivu, ukiimaliza inaenea kwenye sinia ya ugali. Vipande vyake vilishikana kwenye vijiti vya plastiki hiyohiyo kama samaki waliotungwa, kila kimoja na namba yake. Boksi lilikuwa na picha: ndege ya vita ya zamani, zile za kumwaga mabomu, inapita juu ya mji unaowaka. Mwanawe Kalisti alilipata kwenye mitumba, Segese, akawa anaijenga kidogokidogo kila akitoka duarani, maana duara ndilo jina la wachimbaji kwa shimo lao la dhahabu. Alikuwa amefika kwenye bawa la kushoto.

Halafu duara likamfukia.

Wenzake walichimba kumfuata. Mvua ikanyesha, wakaja wakubwa wenye kofia ngumu nyeupe, wakasema miti ya kuzuia kuta haiaminiki tena na zoezi la uokoaji limesitishwa. Greda likasawazisha pale juu. Mwenye leseni akapiga uzio, akaweka bango na walinzi. Kalisti akabaki humohumo.

Limi aliwapigia simu wazee wa ukoo, Kishapu. Wazee wakashauriana, wakajibu: "Hatunyoi kichwa kwa neno la greda. Mtu huzikwa na kitu chake. Mfupa, au nguo yake, au udongo aliolalia, ujae ngozi ya ng'ombe kama yeye mwenyewe alivyokuwa akijaa. Pasipo hicho, hakuna msiba." Wakatuma ngozi kwa basi.

Basi Hosiana, mke wa Kalisti, akawa hana jina. Wanawake wa kanisani hawakujua wampe pole au wamsalimie tu. Ndugu hawakuweza kumwambia kaa wala nenda. Kila jioni, akishaepua sufuria, alimuuliza mama mkwe wake swali lilelile.

"Mayu, mimi ni mke au ni mjane?"

Limi alichukua kikata kucha. Alikata kipande kingine.

Karatasi ya maelekezo ilikuwa na lugha ambayo hata mwalimu hakuijua, lakini picha zilijieleza na namba Limi alizisoma shuleni. Alilainisha kingo kwa msasa, akagandisha kwa gundi, akabana mabawa kwa vibanio vya nguo mpaka yakashika. Vibandiko vya nyota aliviloweka kwenye kikombe cha chai, akaviteleza juu ya mabawa kwa kidole. Rubani alikuwa mdogo kama punje ya mtama. Akampaka masizi usoni, maana alikuwa mweupe mno kwa jua la huku. Milango ya tumbo ilikataa kushika, akaifunga kwa uzi wake mwekundu wa kushonea, ifunguke na kujifunga. Mabomu aliyaacha kwenye kijiti chake. Hakuona kazi yake.

"Mama Kalisti," mumewe Cornel alisema, "mtu mzima unajenga midoli?"

"Kwani wewe una maiti ya kuosha?"



Gundi ilipokauka, ndege ikaruka. Ilizungusha mapangaboi yake, ikakimbia kwenye mkeka, ikapita juu ya kamba ya nguo na kuelekea kwenye uzio. Hosiana alikuwa anaanua kanga. Aliinama isimpige kichwani.

"Haijakunja matairi," alisema.

Kabla giza halijaingia ikarudi, ikaelea juu ya ngozi ya ng'ombe iliyotandazwa uani, ikafungua tumbo, ikamwaga udongo mwekundu. Ulikuwa wa kijiko cha chai.

Philomena, jirani, aliyekuja kuomba moto, alitazama akaguna. "Kwa kijiko hicho mtazika wajukuu."

"Tutazika tu," Limi alisema, akampa kaa la moto.

Ikawa ndiyo kazi ya ndege. Ilikwenda na kurudi, alfajiri mpaka machweo, na wapita njia walijifunza kuipisha. Udongo ulikuja mwekundu, kisha wa njano, kisha wa kijivu wenye unyevu na harufu ya baruti. Rubani alirudi na vumbi kichwani. Limi alimpangusa kwa ncha ya kanga na kumwambia wabeja, ahsante. Pale kwenye ngozi udongo ulijipanga wenyewe, nyayo kwanza, kisha magoti yaliyokunjwa, kisha kiuno. Ulikuwa mtu aliyelala ubavu. Kalisti alilala hivyo tangu utotoni. Masika yalipita, wakamfunika kwa turubai. Kiangazi kilipoingia alikuwa amefika mabegani, na wazee wa Kishapu waliambiwa wakate tiketi.

Kilibaki kichwa.

Sasa, Cornel alikuwa mchimbaji tangu ujana mpaka kifua kilipomkatalia. Mchimbaji hawezi kuona udongo wa chini akaupita. Mkono unatangulia, akili inafuata. Mchana mmoja Limi alikuwa kisimani. Cornel aliketi kumlinda mwanawe asichakurwe na kuku, akaangalia ule udongo wa kijivu wa begani, akachota kiganja, akautia kwenye karai la maji, akaanza kuuchezesha. Hakukusudia kitu. Aliuzungusha, akamwaga tope, akazungusha tena. Chini ya karai ukatokea mkia wa njano, mwembamba, unang'aa.

"Jamani!" alipiga kelele. "Jamani, mwanangu kalala kwenye dhahabu!"

Mtaa mzima ulisikia. Rwamgasa neno hilo halihitaji kurudiwa.

Walinzi walikuja kabla chai ya asubuhi haijachemka. Mkubwa wao, Mwigulu, alibeba viroba vitupu begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Poleni na msiba."

"Kumbe ni msiba?" Hosiana aliuliza haraka.

"Mimi nasema tu, shemeji." Mwigulu alikohoa. "Mama, ndege haina tatizo. Ndege ni mali yenu, iruke tu. Tatizo ni udongo. Udongo wa ndani ya uzio ni wa leseni."

"Huyo ni mwanangu," Limi alisema, akafunua turubai.

Mwigulu akaona mtu aliyelala ubavu, hana kichwa, bega moja limechotwa. Akavua kofia.

"Namwona, mama. Tena namfahamu, tulicheza naye mpira. Lakini baba mwenyewe kamuosha, kaonyesha ana dhahabu. Angekuwa udongo mtupu ningejifanya kipofu."

Wakamtia kwenye viroba, miguu peke yake, kiuno peke yake. Wakafagia pale chini. Ngozi nayo wakaichukua, kwa kuwa vumbi lilikuwa limeingia kwenye manyoya. Cornel aliwafuata mpaka njiani na karai lake tupu.

"Nilionja tu," alikuwa akiwaambia. "Mkono umezoea. Nilionja tu."

Ndege ilikuwa imezoea ngozi. Walinzi waliitandaza getini kwao, na jioni ile ndege ikapita juu ya paa la Limi bila kusimama, ikaenda kumwaga kule. Tangu hapo ndiyo njia yake. Mwenye leseni alifurahi, akaagiza wasiirushie mawe. Limi alijaribu kutandaza mkeka, akajaribu shuka la Kalisti, hata kanga yake ya harusi. Ndege ilipita. Wazee wa Kishapu wakaambiwa wasije.

Hosiana aliendelea kuuliza, mpaka jioni Mwigulu alipokuja tena, mkono umefumbwa.

"Tulikuwa tunachekecha, mama. Tumekuta hiki. Wakubwa wamekiangalia, wamesema si madini, mpewe."

Kilikuwa kifungo cha shati, cheupe, kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Uzi mweupe ulikuwa umeisha siku Hosiana alipokishona, akaazima wa mama mkwe wake, na Kalisti akamcheka kwamba amemvika jicho la njiwa. Hosiana alikipokea kwa mikono miwili.

"Na yeye?" Limi aliuliza. "Mlipomchekecha, mlimpeleka wapi?"

"Kwenye kifusi, mama. Pamoja na udongo mwingine wote."

Limi alipiga simu Kishapu. Wazee walishauriana, wakajibu: kifungo ni nguo.

Jioni hiyo Hosiana aliepua sufuria, akakaa, hakuuliza kitu. Juu ya paa ndege ilipita na mngurumo wake mdogo, tumbo limejaa, ikaenda getini. Hakuna aliyeinua kichwa. Limi alitafuta wembe kwenye boksi lile lenye picha ya mji unaowaka, akaupata chini ya mabomu.

"Ulikuwa unaniuliza," alisema.

"Ndiyo, mayu."

"Ni mjane, mwanangu. Chota maji, nikunyoe."