Ng'ombe wa Matanga ya Odhiambo

Mimi ni polisi wa farasi. Usicheke. Kikosi chetu hufuata wezi wa mifugo mahali ambapo gari likifika linakwama, na kule mpakani Migori wananijua: Sajini Mirumbe, mtu wa hasira za karibu. Sasa mimi, niliyezoea kuona watu nikiwa juu ya farasi, ndimi niliyetumwa na Inspekta Mokua kwa miguu, nijifanye mchunga ng'ombe, niingie kwa genge la Maurice.

Genge hilo lilikuwa limetuvua nguo hadharani. Walivaa sare za jeshi kutoka kofia hadi buti, wakaingia bomani mchana kweupe, wakasema wametumwa kukagua ng'ombe wa wizi. Watu wakawafungulia zizi wenyewe, na chai wakawapa. Chai, jamani! Nilikaa nao mpaka Maurice akaniamini, akanipa sare yangu. Mpango ulikuwa Jumamosi tuvamie mnada wa ng'ombe Karungu, na Mokua atungoje pale na vijana wake.

Ijumaa asubuhi Maurice akapitisha gunia, kila mtu atumbukize simu.

"Karungu achaneni nayo," akasema. "Leo tunaenda matangani Ndhiwa."

Marehemu aliitwa Odhiambo, mwanajeshi wa kweli, na mazishi yalikuwa kesho yake. Kwa Waluo mwanaume akifa kuna tero buru: ng'ombe wake na wa majirani wanakusanywa pamoja, wanaume wanawaswaga mbio mpaka mwisho wa kijiji, mikuki juu, wakipiga nduru kufukuza kifo, halafu wanarudi nao nyumbani wakiimba. Hebu fikiria. Ng'ombe wa kijiji kizima mahali pamoja, na wenyewe wanawatoa nje. Maurice alikuwa mwizi, lakini mjinga hakuwa.

Tuliposhuka kwa lori, kina mama waliangua kilio upya. Walijua wenzake Odhiambo watakuja kesho, kumbe wamewahi! Mjane wake, Caren, mtoto mgongoni, alimshika Maurice mkono kwa mikono yote miwili.

"Mmemkumbuka," akasema. "Asanteni sana." Akatuonyesha ng'ombe wa marehemu wakiwa wamefungwa karibu na kaburi lililokuwa likichimbwa. "Ni hawa tu ametuachia. Mimi na huyu mtoto hatuna kitu kingine."

Moyo wangu ulishuka mpaka kwa buti. Nikamtafuta mtu mwenye simu, lakini kila nikigeuka, kijana mmoja wa Maurice alikuwa begani kwangu, bunduki mkononi. Yangu ilikuwa kambini Migori, imefungiwa kabatini.

Ndipo Cephas, mdogo wa marehemu, akafanya kosa ambalo hata mimi ningelifanya.

"Afande," akamwambia Maurice, "nyinyi ndio ndugu zake wa vita. Mtangulie na ng'ombe. Sisi tutawafuata nyuma."

Ilikuwa heshima kubwa, na aliitoa kwa machozi.

Ng'ombe wakafunguliwa. Nikaona sasa liwe liwalo, nikapaza sauti yangu yote: "Wezi! Hawa ni wezi! Uwiii!" Lakini nani atasikia? Kijiji kizima kilikuwa kinapiga nduru. Mzee mmoja kando yangu aligonga mkuki chini, akanipiga bega kwa furaha, akapiga yake kunishinda. Nililia kwa hasira, na kadiri nilivyolia ndivyo walivyonisifu.

Nikachomoka, nikamkimbilia Caren.

"Mama, wazuie! Hao si wanajeshi!"

Aliniangalia kofia, akaniangalia buti. "Si umekuja nao?"

"Mimi ni polisi!"

"Polisi amevaa hivi?"

Maurice alikuwa ameshafika, uso wa huzuni kabisa, shetani yule.

"Msamehe, shemeji. Walikuwa makuruta pamoja, huyu na marehemu. Amechanganyikiwa. Mshikeni asijiumize, tutampitia tukirudi." Akainama kwa sikio langu. "Baki na raia wako, afande."

Basi walinishika. Hawakunipiga, heri wangenipiga. Wanaume wanne walinikalisha kwa kiti cha plastiki, mama mmoja akanipepea na leso, mwingine akanishikia kikombe cha maji mdomoni. Kila nikisema "wezi", walisema "pole". Nikiwa pale kwa kiti niliona ng'ombe wa Odhiambo wakivuka geti, wakashika barabara ya mpakani, vumbi likawafunika.

Wanaume wa kijiji walirudi bila ng'ombe. Walisema wanajeshi wamewaomba wabaki nyuma, kwa sababu watapiga risasi za heshima kule mbele. Tukasubiri hizo risasi. Jua likaanza kushuka, na nyimbo zikaisha zenyewe. Cephas alisimama barabarani, akarudi, akaenda tena. Alipokuja mara ya mwisho alinipa simu yake.

Nikampigia Mokua.

"Mirumbe!" akasema kabla sijafungua mdomo. "Kila kitu sawa huku Karungu. Kesho tunawamaliza!"

Nikamwambia. Akasema sasa hivi watakuwa wameshavuka kuingia Tanzania, na huko yeye hana amri. Farasi, bunduki, vijana wake wote, hakuna ambacho kingesaidia. Nilijua hayo. Bado nilimtukana.

Caren alikuwa amesimama mbele yangu, amesikia yote.

"Ulijua tangu asubuhi?"

"Nilijua."

"Na nilikushukuru."

"Mama, nilijaribu—"

"Vua sare ya jeshi la mume wangu."

Nikavua shati, nikavua buti, nikavua suruali, mbele ya wazee na watoto. Yeye akaziokota moja moja, akazikunja vizuri, akaziweka juu ya jeneza. Hakuna aliyenitafutia kitu cha kuvaa, na mimi sikuomba.