Kura Chini ya Kilima

Sisi Wekundu, wafanyakazi tulioshika bunduki, tulipigia kura kila kitu, hata mashambulizi. Aprili ile ya 1918 jeshi letu la Ufini lilikuwa linasambaratika. Tulikuwa tunakimbilia Urusi na mikokoteni, ng'ombe na watoto wachanga, na Wajerumani waliokuja kuwasaidia Weupe, jeshi la mabwana, walikuwa wametuzibia njia mbele. Walikalia kilima kinachotazama barabara. Tusingekitwaa, dada yangu Lempi na kichanga chake, waliokuwa kwenye mkokoteni wa nyuma, wangeangukia mikononi mwa Weupe.

Kamanda wetu Nestori, mfumaji tuliyemchagua wenyewe kiwandani, alitaka tupande papo hapo. Alisema juu kuna Wajerumani wanane tu na bombomu lao, ile bunduki ya kumimina risasi, halijafika. Basi tukaketi kwenye theluji iliyoanza kuyeyuka, tukateua mwenyekiti, na kila msemaji akaomba nafasi. Ulikuwa upumbavu mtupu. Lakini miaka yote mabwana walitufunga midomo, na haki ya kusema tulikuwa na uchu nayo.

Mume wangu Eelis alikuwa amelala begani mwangu baada ya kutembea siku mbili, na roho haikunipa kumwamsha. Hilo sikulisema. Nilimlaza chini taratibu, nikasimama.

"Ndugu zangu, watu wamechoka hoi. Tupumzike saa moja tu. Kilima hakina miguu."

Wakacheka. Mikono thelathini na mmoja iliniunga, kumi na tisa wakapinga.

"Hakina, Hilja," Nestori akasema. "Wajerumani wanayo." Kisha akatii kura.

Tulipopanda, bombomu lilikuwa limeshafika. Lilitufyeka kama majani. Nestori alipasuliwa kifua, akaanguka. Eelis alikuwa mbele yangu. Akakaa chini ghafla, ameshika utumbo wake kwa mikono miwili, akaniita kwa jina. Nikamruka. Juu nilimponda mpiga bombomu uso kwa kitako cha bunduki mpaka kikavunjika, na alipokwisha kufa nikaendelea kumponda.

Barabara ikafunguka. Mikokoteni ikapita chini yetu, Lempi akauliza kwa sauti Eelis yuko wapi.

Tulibaki kumi na wanane. Wenzangu wakaketi katikati ya maiti kuchagua kamanda mpya, wakanitaja mimi. Niliomba nafasi, nikasema sitaki, sifai, nimewaua watu kwa ile saa moja. Wakasema mimi ndiye ninayejua kuzungumza na watu.

Mikono kumi na saba ikapanda juu.