Aliyeitika Mara ya Kwanza

Usiku wa jana, ukiwa ndio wa mwisho kabla ya safari, Wakesho Mwakio aliota amesimama kwenye foleni ya viza, miguuni ana viatu vya kukimbilia, na foleni yenyewe inapanda mlima.

Hilo halikumshangaza. Mwaka mzima alikuwa ameishi ndani ya foleni. Ni yeye, mwalimu wa darasa la nne pale Wundanyi, aliyekuja na wazo kwamba kikundi chao cha wakimbiaji kiende kaskazini mwa Uingereza kujaribu mbio za milimani za huko, zile zisizo na njia. Unaonyeshwa kilele, kisha unatafuta mwenyewe pa kupita, katikati ya mawe, matope na ukungu. Ukungu tunao, aliwaambia wenzake, na milima tunayo, tunachokosa ni pasipoti tu. Walicheka, wakakubali, na kuanzia siku hiyo kila shughuli ikamwangukia yeye, kama kawaida ya vikundi vyote duniani.

Katika ndoto, mbele yake kwenye foleni wapo wenzake. Yupo Mzee Malemba, aliyestaafu kazi ya posta na akakataa kustaafu kukimbia. Yupo Mkamburi, muuza kabichi, mwenye kicheko kinachosikika ng'ambo ya bonde. Na yupo Righa, mdogo wake Wakesho wa tumbo moja.

Dirishani hakuna mtu. Kuna ukungu, umevaa tai.

"Dhamana ya kurudi," ukungu unasema.

Wakesho anaeleza kwamba wana barua ya chifu, barua ya mwajiri na barua ya mchungaji. Ukungu unamsikiliza mpaka mwisho, kisha unamwambia kwamba barua hazirudi, wanaorudi ni watu. Kila mmoja aache kitu asichoweza kuishi bila hicho. Hapo ndipo itakapojulikana kwamba atakuja kukifuata.

Mzee Malemba anafikiri kidogo, kisha anavua kivuli chake, anakikunja vizuri kama alivyokuwa akikunja sare ya kazi, na kukipitisha chini ya kioo. Mkamburi anaacha kicheko chake. Kinatiwa ndani ya bahasha, na bahasha inaendelea kutikisika juu ya meza. Wakesho anauliza kama anaweza kuacha chaki. Ukungu unapokea chaki bila swali, jambo ambalo linamuuma kidogo.

Righa hana shamba, hana mke, hana hata kuku. Anajipapasa mifukoni na kuigeuza mifuko nje ili ionekane hafichi kitu. Kisha anafungua mdomo, na ukungu unapenyeza mkono usio na vidole na kuchukua sauti yake.

"Atarudishiwa lini?" Wakesho anauliza.

"Akirudi," ukungu unajibu, kwa sauti ya Righa.

Hapa lazima lisemwe jambo ambalo Wakesho hakutaka kulikumbuka hata usingizini. Righa alikuwa mgonjwa. Kazi yake ilikuwa kupasua mawe kwenye machimbo huko Mwatate, na huko ndiko alikoanguka, mwili mzima ukitetemeka na povu likimtoka mdomoni. Baada ya muda akaanguka tena. Daktari akamwambia ni kifafa, akampa vidonge, akamkataza kupanda mahali popote pa juu akiwa peke yake. Righa alimwambia dada yake tu, tena akiwa amemshika mkono.

"Dada, usimwambie mama," alisema. "Wala wale wenyeji wetu. Wakijua nitabaki, na mtu kama mimi hapati safari ya pili."

Wakesho, aliyemlea mgongoni, hakuwa na moyo wa kumkatalia. Na Bi. Margaret, mwenyeji wao wa huko Uingereza, alipopiga simu kuuliza kama kuna mkimbiaji mwenye ugonjwa ambao watu wa uokoaji wanapaswa kuujua, Wakesho alimjibu kwamba wote wazima. Alilisema kwa Kiingereza safi cha darasani. Jioni ile ile mama yao, asiyejua lolote, akamwambia mbele ya chakula: "Unamchukua mzima, umrudishe mzima." Wakesho akasema ndiyo, akaongeza mboga.

Basi ndege inapaa. Ndani yake sakafu ni nyasi zilizolowa, na abiria wanaombwa wafunge mikanda na wasiwasumbue kondoo. Mzee Malemba anakula ndizi na kutafuta kivuli chake chini ya kiti kwa mazoea. Righa amekaa dirishani. Anaonyesha kidole nje, midomo inacheza, hasikiki. Wakesho anaitikia kwa kichwa kana kwamba ameelewa.

Mlango unafunguliwa wakiwa tayari mlimani. Mlima ni wa kigeni, hauna mti hata mmoja, lakini kileleni imesimama minara ile ile ya mlima Vuria wa kwao, inayoonekana kutoka jikoni kwa mama yao. Hakuna anayeuliza imefikaje.

Kondoo mwenye uso mweusi anawajia, amevaa kizibao cha manjano kinachong'aa. Yeye ndiye msimamizi wa mbio. Anawasomea kanuni huku akitafuna. Kila mkimbiaji awe na koti lisilopitisha maji, ramani, dira na filimbi. Asiachwe mtu mlimani, wala kitu chochote kilichopandishwa mlimani. Anayeshindwa njiani ateremke mwenyewe aseme ameshindwa, la sivyo watu watatoka na machela kumtafuta usiku kucha, na chai yao itapoa.

Vifaa vinakaguliwa. Koti la Wakesho linajifunga lenyewe mpaka shingoni na kumweleza kwamba halipitishi maji ya aina yoyote, ya kuingia wala ya kutoka, yakiwemo machozi. Ramani inakiri kwamba haijawahi kufika huku; imechorwa kwa kusikia. Dira haitaki habari za kaskazini, mshale wake unaelekea nyumbani kwa mama yao na hauondoki hapo hata ikitikiswa.

Filimbi ndiyo inayouliza maswali.

"Mimi sipulizwi kwa mchezo," inasema. "Yupo mgonjwa kati yenu?"

Righa anamtazama dada yake. Hata angetaka kusema, asingeweza.

"Hayupo," Wakesho anajibu.

"Basi nalala," filimbi inasema, na inalala.

Mbio zinaanza bila mtu kuzianzisha. Righa yuko mbele. Anapanda kwa vidole vya miguu kama wanavyopanda watu waliozaliwa kwenye miteremko, haraka na bila kelele, na kwa kitambo kidogo Wakesho anaona fahari inamjaa kifua. Huyu ndiye aliyemleta. Huyu ndiye aliyefaa kuonekana na dunia.

Kisha ukungu unashuka, na tai yake.

Kwao Wundanyi kuna desturi moja ya ukungu. Ukiitwa jina ndani yake, huitiki mara ya kwanza. Bibi yao aliwafundisha hivyo walipokuwa wakienda kuchota maji alfajiri: kinachoita mara moja huenda si mtu, na kinachoitika mara moja huenda si mtu pia. Nyamaza, ungoje uitwe mara ya pili. Righa alilishika somo hilo kupita kiasi. Hata ukubwani, hata jua likiwaka, ilibidi aitwe mara mbili ndipo aje kula, na mama yao alikuwa akimtania kwamba siku ya kiama malaika watachoka naye.

Katika ukungu huo Wakesho anamwona mdogo wake akisimama ghafla. Righa anainua mkono mmoja, kama anayetafuta ukuta gizani. Hakuna ukuta. Anaanguka taratibu sana, kwanza magoti, kisha bega, kisha kichwa, na mawe yanasogea kidogo kumpa nafasi.

Hana sauti ya kupigia kelele. Ameiacha dirishani.

Wakesho anapuliza filimbi. Inakoroma. Anaitikisa, anaipiga kwenye paja. Inafumbua jicho moja na kumkumbusha kwamba ni yeye aliyesema hakuna mgonjwa, kisha inajigeuza upande wa pili. Anakimbia kumfuata Righa, lakini kila anapopiga hatua ya kupanda, mlima unateremka chini ya miguu yake, kwa heshima, bila kumwangusha, mpaka unamfikisha mwisho wa mbio.

Hapo mwisho pana lango la mbao. Mbele yake wanasubiri waokoaji, wanaume kwa wanawake, wana kamba na machela, wako tayari kabisa. Kondoo anaeleza kwamba mlima haufungwi mpaka kila aliyeupanda aitwe jina na aitike. Anamwomba Mwalimu aite yeye, maana haya majina ya Kitaita yanamshinda.

"Malemba," Wakesho anaita.

Kimya. Anaita tena, na mzee anasema nipo. Inakuwa hivyo hivyo kwa Mkamburi. Kondoo anataka kujua kama watu hawa ni viziwi. Wakesho anamweleza kwamba ni desturi, na kondoo anasema yeye hana ugomvi na desturi ya mtu, mradi isimcheleweshee chai.

"Righa."

"Nipo."

Mara ya kwanza. Imetoka juu, mahali ukungu ulipokaa na tai yake, na ni sauti ya Righa yenyewe, na ule mkwaruzo wa vumbi la machimbo.

Wakesho anajua. Mzee Malemba naye anajua, anainamisha macho kutazama mahali ambapo kivuli chake kingekuwa. Neno moja tu linatosha. Aseme kwamba huyo si yeye, na waokoaji watapanda sasa hivi. Lakini wataanza kwa kuuliza kwa nini kijana mzima aanguke mahali pakavu, na yeye atalazimika kujibu, na simu ile ya Bi. Margaret itarudi, na chakula kile cha jioni kitarudi, na mama atakuwa ameweka kijiko chini akimtazama.

"Wote wamerudi?" kondoo anauliza. "Wote wazima?"

"Wote wazima," Wakesho anasema.

Kondoo anatoa ufunguo kwenye manyoya yake na kufunga mlima. Waokoaji wanakunja kamba, wanashukuru kwa jioni tulivu, wanaondoka na machela matupu kwenda kunywa chai. Mzee Malemba anasogea na ganda la ndizi aliyoila njiani, amelishika kwa mikono miwili. Kondoo anampongeza mbele ya watu wote kwa kutoacha kitu mlimani.

Wakesho anataka kulia. Koti halimruhusu.

Aliamka kumekucha. Mashavu yalikuwa makavu na shingo ilimuuma. Mabegi yalikuwa yamepangwa mlangoni, na nje ya dirisha hapakuonekana kitu, si migomba wala zizi, maana ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye vizingiti kama inavyokuwa Wundanyi miezi hiyo. Alikaa kitandani akiogopa kama mtoto. Kisha akaamua. Atampigia Bi. Margaret amwambie ukweli, na atamwambia mama kabla gari halijafika, hata kama Righa hatamsemesha tena maisha yake yote. Lakini kwanza atamwambia Righa mwenyewe. Hilo alistahili.

Righa alilala kwenye chumba cha nje, ng'ambo ya ua. Jikoni mama alikuwa ameshawasha moto, harufu ya moshi ilifika. Wakesho alitoka miguu mitupu, akafika katikati ya ua, akaita.

"Righa."

"Nipo."

Sauti ilijibu pale pale, kabla hajafunga mdomo. Haikutoka chumbani. Ilitoka nyuma ya nyumba, juu kwenye mteremko, mahali pasipo na njia.

Aliita mara ya pili, ile ambayo mdogo wake angeitika. Hakupata jibu, si kutoka mteremkoni, si kutoka chumbani.

Mlango aliusukuma kwa bega. Righa alikuwa sakafuni kati ya kitanda na begi, amevaa koti jipya la safari ambalo bado lilikuwa na lebo ya dukani, uso umelala ndani ya povu lake mwenyewe. Mtetemeko ulikuwa umekwisha. Wakesho alimgeuza ubavu, akamfuta mdomo kwa gauni lake, akamfungua koti shingoni. Ngozi ilikuwa na joto. Macho hayakufunguka.

"Mama," aliita, na sauti ikatoka yote. "Mama, njoo. Righa ana kifafa. Nilijua, nikanyamaza."

Mama alikuja na mwiko mkononi. Hakumtazama Wakesho. Alipiga magoti, akamweka mwanawe kichwa mapajani, akamwinamia sikioni.

"Righa," alisema.

Kimya. Wakesho na mama yake walisubiri bila kusogea, maana ile ya kwanza haijibiwi. Kisha mama akavuta pumzi, akaita mara ya pili.