Finjani za Bwana Demissew

Katika buni alizochambua Askale zilikutwa punje mbovu kumi na saba. Wiki iliyotangulia zilikuwa ishirini, na zinazoruhusiwa ni tatu tu. Msimamizi wa kiwanda, Bwana Demissew, akamwita ofisini, na huko alikuta nyasi mbichi zimetandazwa sakafuni na kahawa inatokota, kana kwamba kuna mgeni. Miaka kumi na miwili amechambua buni hapa Addis Ababa, na hakuna mkubwa aliyewahi kumpa hata maji. Aliishuku kahawa ile kabla hajaketi.

"Karibu, mama. Ugonjwa vipi?"

"Saratani imekwisha, bwana. Ila zile dawa za dripu zimeniharibia vidole. Nikishika buni sihisi kitu, nikilala vinawaka moto. Daktari kasema ni mishipa ya fahamu. Naomba unihamishie kazi ya langoni tu."

"Kazini havihisi, kitandani vinauma." Demissew alimgeukia karani wake aliyeketi pembeni. "Vidole vina akili hivi."

Karani akacheka. Mwanamke aliyeketi kando ya jiko la kahawa akamimina. Finjani haina mkono. Ikiwa ya moto watu huishika ukingoni, huipuliza, huihamisha toka kidole hadi kidole. Askale aliikumbatia kwa viganja viwili, kwa sababu vinginevyo ingemponyoka, na kumwaga kahawa ya mwenyeji ni aibu. Demissew hakunywa yake. Alikuwa akiitazama mikono ya Askale.

Ikaja ya pili. Ya tatu ndiyo yenye baraka, na anayeondoka kabla yake amemdharau mwenyeji. Kwa hiyo akaishika ya pili vilevile, akanywa.

"Umeona?" Demissew alimwambia karani. "Mimi mzima siwezi kuishika hivyo. Hata hatetemeki, ana nguvu kuliko mimi. Andika: mikono mizima, anahujumu kazi. Aachishwe leo."

Askale akaitua finjani. Viganja vilikuwa vyekundu, na kwenye vidole malengelenge yalikuwa yanavimba. Alifurahi, Mungu amsamehe, maana hatimaye ule ugonjwa ulikuwa unaonekana kwa macho.

"Tazama, bwana. Nimeungua na sikujua."

Demissew aliinama, akavikagua vidole kimoja kimoja, akatikisa kichwa.

"Andika na hili. Amejiunguza makusudi, mbele ya mashahidi."

Karani akaandika. Kisha akamshika Askale dole gumba, akalichovya kwenye wino, akaligandamiza mwishoni mwa karatasi, mahali pa sahihi, mpaka lengelenge likapasuka. Askale hakuhisi kitu.