Wekundu wa Mahame

Rangi nyekundu ndiyo iliyomchanganya Marietha. Bonifasi, bwana shamba wa mkoa, alimwamkia vizuri kabisa, "Shikamoo mama," kisha akatandaza juu ya boneti ya Landrova picha iliyopigwa na mtambo unaozunguka huko angani. Kwenye picha hiyo, akasema, majani mabichi yanatoka mekundu. Jamani, kijani kiwe chekundu, halafu mtu mzima aitikie tu! Marietha aliitikia, maana alikuwa balozi wa nyumba kumi, na nyumba zote zilikuwa zinangoja mahindi ya njaa.

Mashamba ya kijiji kipya cha ujamaa, hapo Mungaa, yalitoka rangi ya majivu. Hilo halikuwa na ubishi. Lakini pembeni palikuwa na doa jekundu, kubwa, kwenye mahame, makazi ya zamani walikoondolewa mwaka uliopita.

"Huko mmelima," Bonifasi akasema. "Mnavuna kwa siri, huku mnaomba chakula. Siwezi kuandika njaa mpaka nipaone."

"Ni minyaa, mwanangu. Ua wa kaya zetu za zamani. Minyaa haijui kiangazi."

"Basi twende nikaione."

Ndani ya ua ule alijificha mama yake Marietha, Damari, aliyetoroka kijijini akarudi kwake, na majirani wote waliambiwa yuko Mandewa kwa ndugu. Akionekana, wakuu wa serikali watamrudisha kwa nguvu na kibanda watakichoma, kama walivyochoma vingine. Bwana shamba asipokwenda, mahindi hayaji. Na lile doa nalo lilikuwa kubwa mno kwa ua peke yake. Kila wiki alimpelekea mama unga aliowapunguzia wanawe. Je, mama amelima uwele wake huko na amenyamaza? Marietha alimwonea mama yake hasira, kisha akaona haya, kisha hakujua tena anaona nini.

"Tunakwenda, mama?"

"Mama yangu yuko kule," akasema. "Amejificha."

Bonifasi akamtazama. "Anakula nini?"

"Ninachowanyima wanangu."

Yule kijana akakunja picha, akamfungulia mlango wa gari. Marietha akapanda mbele, maana Damari asingemtokea mgeni, na njia nzima alishindwa kujua amwombe Mungu wakute nini. Wakikuta minyaa, kijiji kitakula. Wakikuta uwele, walau mama yake hakuwa na njaa.